Asili ya Kazi ya Sindano Kabete

Wanachama wetu wengi hushona mifarishi ya viraka nyumbani wakati wa jioni, wala si wote wajuao ya kuwa kazi hiyo ina historia yake huku magharibi ya Nairobi.

Mwaka wa 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Jina lilitokana na Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia, Marekani, ambaye mwaka wa 1907 alitoa mali yake kusaidia shule za watu weusi wa mashamba ya kusini. Mwalimu wa kwanza wa mfuko huo, Bibi Virginia Randolph, aliyeanza mwaka wa 1908, aliwafundisha wanafunzi kushona pamoja na kusoma.

Kabete ikafuata njia iyo hiyo. Mwalimu alikuja na mkewe, naye mke akafundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Lakini cheo na mshahara vilikuwa vya mume.

Mwaka wa 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Katika Hali ya Hatari serikali ilikitumia kuwavuta wanawake wasiwasaidie Mau Mau. Hivyo hata kushona nguo ya mtoto kukaingia siasa. Mimi siwalaumu waliojiunga: mtoto aliye uchi hangoji siasa itulie.

Shule ile iligeuzwa Chuo cha Utawala mwaka wa 1961. Sindano ikabaki majumbani, Kangemi na Kawangware, ambako masalio ya vitambaa vya mafundi huungwa viraka, na mfarishi ukakaa sandukuni miezi mingi ukingojea pindo.