Kamera ya Mtumba na Nusu ya Darasa Letu

Wenzangu mliomaliza kidato cha nne mwaka 1998 mtaikumbuka picha ya darasa iliyopigwa mwezi wa Julai mbele ya bwalo. Upande wa kulia tunaonekana vizuri, tumechomekea mashati na kusimama wima. Upande wa kushoto ni weusi mtupu. Wenzetu kumi na saba hawamo. Kwa miaka mingi tulimlaumu fundi aliyeosha picha. Hakuwa na kosa.

Kamera haikuwa ngeni katika nchi yetu. Miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipiga picha huku na huku kati ya Mbulu na Ziwa Eyasi. Wanorwei waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955 walikuwa na kamera zao, na Wakanada wa mradi wa ngano wa Hanang vilevile. Picha nyingi ziliondoka na wenyewe. Ndiyo maana sisi tulitaka kamera yetu.

Tulichanga, tukanunua Zenit-E ya mtumba mjini Arusha (wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Arusha, Manyara ilizaliwa mwaka 2002). Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1965 huko Krasnogorsk, karibu na Moscow. Nzito kama jembe, na haihitaji betri. Muuzaji alibonyeza mara moja, ikalia “kacha”, tukalipa. Hapo ndipo tulipokosea.

Ndani ya Zenit mna mapazia mawili ya kitambaa. La kwanza hufungua njia ya mwanga, la pili hulifuata na kuifunga. Katika mwendo wa 1/500 mwanya kati yao ni mwembamba sana. Mafuta ya zamani yakiganda, tena katika baridi ya Mbulu ya mwezi wa Julai, pazia la kwanza huwa zito, la pili hulifikia njiani, na sehemu iliyobaki ya mkanda haipati mwanga kabisa. Jua lilikuwa kali siku ile, tukatumia 1/500. Picha za jioni, tulizopiga kwa 1/30, zilitoka salama zote. Ushahidi ulikuwa mikononi mwetu, nasi hatukuusoma!

Nimeyajua haya ukubwani, baada ya kununua kamera kuukuu kadhaa kwa mshahara wa serikali, na mbili kati yake nikazijutia. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiletewa kamera mnadani Katesh, usilipe kwanza. Fungua mgongo, elekeza lenzi mbinguni, bonyeza mara ishirini kwa kila mwendo, ukitazama kwa ndani: mwanga uonekane upande hadi upande. Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, iache. Sponji ya mlangoni ikiwa imegeuka lami, mwanga utavuja, lakini hilo hurekebishika kwa bei ndogo. Kipima mwanga cha Zenit kizibe kwa kiganja. Mshale usipocheza, kimekufa, nawe utakisia mwanga kwa macho. Kamera nyingine za miaka ya 1970 zilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena; ukiweka ya volti 1.5, kipimo hudanganya. Na kila unapovuta mkanda, tazama kitufe cha kuurudishia: kisipozunguka, mkanda haujashika, unapiga picha hewa.

Nimeandika haya kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyesimama kushoto siku ile, ambaye sasa ni marehemu. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 liliingia nyumbani kwa mjane wake pale Katesh, likachukua picha zote. Aliniomba ile ya darasa. Nilimpelekea, akaigeuza mara mbili, akaniuliza mumewe yuko wapi.

Mwenye picha zile za jioni, tafadhali ampelekee mhariri. Mimi ninazo tatu tu, naye hayumo.