Serikali Kama Mnunuzi: Funzo Kutoka Historia ya COBOL

Tumezoea kuamini kwamba serikali huongoza teknolojia kwa kutunga sheria na kuunda mamlaka za udhibiti. Historia ya lugha ya kompyuta iitwayo COBOL inatuonesha njia nyingine, isiyo na kelele nyingi: mkataba wa ununuzi.

Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na kompyuta 225, ilikuwa imeagiza nyingine 175, na ilikwisha kutumia zaidi ya dola milioni 200 kwa ajili ya programu. Mashine hizo zilitoka kwa kampuni mbalimbali, na kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Programu ya mishahara iliyoandikwa kwa mashine moja haikuwa na thamani yoyote kwenye mashine nyingine. Ofisi iliyothubutu kubadili kompyuta ililazimika kuandika upya kazi ya miaka mingi. Kwa hiyo, mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa mateka wa wauzaji wake.

Hoja ya kuwa na lugha moja ya shughuli za kiofisi ilitolewa na Mary Hawes, mtaalamu wa kampuni ya Burroughs. Tarehe 28 na 29 Mei 1959, watumishi wa serikali, watumiaji na watengenezaji wa kompyuta walikutana Pentagon chini ya uenyekiti wa Charles Phillips wa wizara hiyo. Matunda ya kikao hicho ni COBOL. Waliobuni lugha hiyo walitenga sehemu maalumu ya programu kwa ajili ya maelezo ya mashine, ili programu inapohama, mabadiliko mengi yafanyike hapo tu. Desemba 1960 programu ileile iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za kampuni shindani, RCA 501 na UNIVAC II, kwa marekebisho machache. Wizara nayo ikatangaza kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyo na COBOL, isipokuwa muuzaji athibitishe kuwa mashine yake haiihitaji.

Baada ya tangazo hilo, kila muuzaji alidai kuwa na COBOL. Lakini lugha ya namna hii hufanya kazi kupitia kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwanadamu kuwa amri za mashine, na kila kampuni ilijitengenezea kompaila yake. Moja iliacha kipengele hiki, nyingine ikaongeza kile. Jina likawa moja, lugha zikawa nyingi.

Mwaka 1967 Jeshi la Wanamaji lilimrejesha kazini Grace Hopper, ofisa mstaafu mwenye umri wa miaka 60, ili asimamie usanifishaji wa COBOL ndani ya jeshi hilo. Mwaka uliofuata, Marekani ilipata kiwango rasmi cha kitaifa cha lugha hiyo. Wengine wangeridhika na waraka huo. Kikosi cha Hopper hakikuridhika. Kiliandaa programu za majaribio zilizoandikwa kwa COBOL yenyewe: kila jaribio lilitekeleza kanuni moja, likalinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa, kisha likachapisha kama kompaila imefaulu au imeshindwa. Katika miaka ya 1970 serikali kuu ilifanya upimaji wa namna hiyo kuwa sharti kwa kompaila zilizouzwa kwake. Ahadi ni deni, na sasa deni lilikuwa na mdai.

Hata hivyo, kipimo hakikumaliza matatizo yote. Katika mfumo wa herufi wa kompyuta za IBM, herufi hutangulia tarakimu. Katika mfumo wa ASCII, tarakimu hutangulia herufi. Orodha ya namba za watumishi zinazochanganya herufi na tarakimu ingeweza kupangwa kwa namna mbili tofauti kwenye mashine mbili, ingawa kompaila zote zimefaulu. Kiwango cha mwaka 1974 kilimpa mwandishi wa programu njia ya kutamka mpangilio anaoutaka. Tena, wauzaji waliendelea kuongeza vionjo vyao juu ya lugha sanifu, na ofisi iliyovizoea vionjo hivyo ilijifunga yenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Ninawaandikia haya hasa watumishi wa umma wanaoandaa zabuni za mifumo ya kompyuta, na wanafunzi watakaokalia viti hivyo kesho. Sentensi isemayo kwamba mfumo “utazingatia viwango vya kimataifa” haimfungi mzabuni kwa lolote. Kitajwe kiwango gani, toleo lipi, nani atapima, kwa majaribio yapi, na nini kitafuata mfumo ukishindwa. Mkataba useme pia kwamba taarifa za wananchi zitahamishika siku tutakapoachana na muuzaji, na uhamisho huo ujaribiwe kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Marekani ilikuwa na fedha nyingi kuliko sisi, lakini haikupata nafuu kwa fedha peke yake. Ilipata nafuu pale ilipoacha kuamini maneno ya muuzaji na kuanza kumpima kabla ya kumlipa.