Wakimbizi wa Burundi Nchini Tanzania na Udhaifu wa Kuzipanga Nchi kwa Ukarimu

Mwaka 2017 taasisi ya Gallup ya Marekani ilitoa fahirisi ya kuwakubali wahamiaji, yaani kipimo kimoja cha tarakimu kinachojumlisha majibu ya wahojiwa wa kila nchi kwa maswali matatu: iwapo ni jambo jema au baya wahamiaji kuishi nchini mwao, kuwa majirani zao, na kuoa au kuolewa katika familia zao. Kati ya alama 9, Iceland ilipata 8.26, New Zealand 8.25 na Rwanda 8.16, ilhali Hungaria iliambulia 1.69. Magazeti huzipenda orodha za namna hii, lakini orodha hiyo imejengwa juu ya dhana ambayo yenyewe haiithibitishi, kwamba kila taifa lina mtazamo wake kuhusu wageni, na kwamba mtazamo huo ndio unaoamua namna wageni wanavyotendewa. Hata nafasi ya Rwanda inatia shaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wake walirejea baada ya 1994 kutoka ukimbizini Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, na haielekei kwamba wahojiwa kama hao wanapoulizwa kuhusu mhamiaji humfikiria mtu yule yule anayefikiriwa na mkazi wa Budapest.

Kwamba kuzoeana kwa usawa hupunguza chuki ni jambo linalokubaliwa na wengi tangu mwanasaikolojia Gordon Allport alipoandika juu yake mwaka 1954. Ubishi uko kwenye nadharia ya tishio, iliyopewa sura na mwanasosholojia Hubert Blalock mwaka 1967, inayodai kuwa uhasama hupanda kadiri wageni wanavyoongezeka na kadiri wenyeji wanavyogombea nao ardhi, kazi na madaraka. Nadharia hii imekuwa kimbilio la kila waziri anayetaka kufunga mpaka, ingawa ushahidi wake ni wa mashaka: mwaka 2009 asilimia 57.5 ya wapiga kura wa Uswisi walipitisha marufuku ya kujenga minara ya misikiti, wakati nchi nzima ilikuwa na minara 4 tu.

Kisa kinachofaa zaidi kuipima ni cha Warundi nchini Tanzania. Waliokimbia mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972 walipelekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, katika maeneo ambayo leo ni ya mikoa ya Katavi na Tabora, wakagawiwa mashamba, wakafyeka misitu na kulima mahindi na tumbaku kwa ajili ya chakula na soko. Waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, walitoka nchi ile ile na kuzungumza lugha ile ile, lakini walipangiwa kambi, hasa mkoani Kigoma, ambako walitegemea mgao wa chakula na kwa kawaida hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 bila kibali. Mwisho wa makundi haya mawili unashangaza. Kambi ya Mtabila, iliyokuwa na wakimbizi wa kundi la pili, ilifungwa Desemba 2012 na watu wake wakarudishwa Burundi, huku wengi wao wakiwa hawataki. Kabla ya miaka miwili kutimia, Oktoba 2014, Rais wa Tanzania yule yule aliyekuwa madarakani kambi hiyo ilipofungwa alianza kutoa vyeti vya tajnisi, yaani uraia wa kuandikishwa, kwa zaidi ya watu 162,000 wa kundi la kwanza na watoto wao. Fahirisi yoyote ya taifa ingeitaja Tanzania hiyo moja, kwa alama moja.

Wapo watakaojibu kwamba hali zilitofautiana: kundi la 1972 lilikuwa la wazalishaji, ilhali miaka ya 1990 ilileta umati usiobebeka, hasa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa takriban siku moja, na misitu ya wilaya ya Ngara ikateketea kwa kuni. Uharibifu huo haukanushiki. Hata hivyo, hoja ya uzalishaji inageuza matokeo kuwa sababu, kwa kuwa mkimbizi wa Katumba alizalisha kwa sababu alipewa shamba, na wa Mtabila alionekana mzigo baada ya sheria kumzuia asilime wala asifanye biashara. Mwaka 1972 serikali ilikuwa ikikusanya hata raia wake kwenye vijiji, hivyo wakulima wapya walikuwa na mahali katika mpango wake. Miaka 20 baadaye mpango huo ulikuwa umekufa, mashirika ya kimataifa yalilipia kambi, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaufanya utaratibu wa kambi kuwa kanuni.

Utafiti wa mwanaanthropolojia Liisa Malkki, uliochapishwa mwaka 1995, unatoa ushahidi wa upande wa pili, yaani wa wakimbizi wenyewe. Aliwalinganisha wakimbizi wa Mishamo na wale waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma, akaona kwamba wa makazini walishikilia kwa nguvu utambulisho wa Wahutu walio uhamishoni, ilhali wa mjini walioa na kuolewa, wakafanya biashara, na mara nyingi wakajitambulisha kwa namna nyingine, pengine kama Waha. Mjini, ambako serikali haikuwatenga, ugeni wao ulififia.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba vyeti vyenyewe vya tajnisi vilicheleweshwa kwa miaka kadhaa, kwa sehemu kwa sababu viongozi wa mikoa waliyotakiwa kuhamishiwa raia hao wapya walisita kuwapokea. Huenda hapa tishio lilikuwepo kweli. Lakini kilicholizua ni sharti la serikali la kuwahamisha watu waliokwisha kuzoeleka walipokuwa, na sharti hilo lilipolegezwa, suala likaishia kwenye utoaji wa vyeti. Kwa msingi huo, dodoso linalomuuliza raia kama anampenda mhamiaji bila kueleza mhamiaji huyo anaishi chini ya sheria ipi linapima, kwa kiasi kikubwa, kazi ya wizara inayosimamia mambo ya ndani.