Kisanduku cha Picha cha Watoto

Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana wetu ikikaribia, watoto huuliza watapewa nini, nasi wazazi huanza kupiga hesabu za nguo na viatu. Kitu cha kuchezea huja mwisho, kama kikija. Leo napenda kuwasimulia habari za kitu kimoja cha kuchezea, ndicho kisanduku cha kupigia picha, jinsi kilivyopata kuingia mikononi mwa watoto, na kazi kilichoifanya siku moja baharini.

Hapo kwanza kupiga picha ilikuwa kazi ya watu wenye mali, tena wenye nguvu za kubeba. Sura zilishikwa juu ya mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa, na mpiga picha akisafiri alichukua mabamba, chupa za dawa, miguu mitatu ya kuwekea kamera, hata na hema ya giza. Katika mji wa Rochester, nchi ya Marekani, alikuwako karani wa benki jina lake George Eastman, aliyezaliwa mwaka 1854. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, akaacha shule akiwa na miaka 14 ili amsaidie mama yake. Mtu huyu alichoshwa na mzigo ule wa vioo, akatafuta njia ya kushika sura juu ya mkanda mwembamba unaozungushwa. Mwaka 1888 akatoa kamera aliyoiita Kodak. Bei yake dola 25, nayo iliuzwa ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani. Zikiisha, mwenyewe aliipeleka kamera nzima Rochester, picha zikasafishwa, naye akarudishiwa kamera yenye mkanda mpya kwa dola 10. Bei hiyo haikuwa ya mtoto, wala ya baba yake kama ni mtu wa mshahara mdogo.

Hata mwaka 1900, mwezi wa Februari, Eastman akatoa kisanduku kingine, kilichobuniwa na fundi Frank Brownell, akakiuza dola moja tu. Kikaitwa Brownie. Jina hili ni la vijitu vya hadithi za Uskoti, ambavyo wazee wa kule walisimulia kwamba huja usiku kufanya kazi za nyumbani wenyewe wamelala. Watoto wa Marekani walivipenda sana siku zile kwa ajili ya vitabu vya Palmer Cox, mchoraji mzaliwa wa Kanada. Na vijitu hivyo vilichorwa juu ya bweta lililotiwa kamera, ili kila mtu ajue kimekusudiwa nani.

Ungalikiona ungalicheka. Ni karatasi ngumu iliyovikwa kitu mfano wa ngozi. Mbele tundu lenye kioo kidogo, ndani giza tupu. Mtoto alikielekeza kwa kufuata mistari miwili iliyo juu yake, akasukuma kijiti, nuru ikaingia kitambo kidogo na kuiandika sura juu ya mkanda, kichwa chini miguu juu. Kisha alizungusha ufunguo mpaka namba ya pili ikatokea katika kidirisha chekundu cha nyuma. Mkanda wa picha sita uliuzwa senti 15. Mwaka ule wa kwanza vilitoka visanduku zaidi ya 150,000.

Nasema ungalicheka, lakini mimi sina haki ya kucheka. Krismasi moja, nikiwa na miaka saba, nalitoboa kiberiti kitupu nikamwendea bibi, mzaa mama yangu, nikamwambia, "Bibi, tulia nikupige picha." Akaweka ungo chini, akafunga kitambaa chake upya, akakaa wima kama aliye mbele ya askofu. Nikasema, "Tayari." Akaniuliza, "Nimetoka vizuri, mjukuu wangu?" Kiberiti changu na kile kisanduku cha dola moja vilitofautiana kwa kioo na mkanda, basi. Lakini kwa kukosa viwili hivyo, sura ya bibi haiko popote, naye amekwisha kulala katika Bwana.

Sasa sikieni habari ya binti mmoja wa Kanada, Bernice Palmer, mwenye miaka 17. Alipewa Brownie kuwa zawadi, ama kwa Krismasi ya mwaka 1911, ama kwa siku yake ya kuzaliwa iliyofuata mwezi wa Januari. Mwezi wa Aprili 1912 yeye na mama yake walipanda meli Carpathia katika bandari ya New York, waende kutembelea nchi za Bahari ya Kati. Usiku wa tarehe 14 meli ile ilisikia kwa simu ya upepo kilio cha Titanic, iliyopigwa na mlima wa barafu. Nahodha Arthur Rostron akageuza meli, akakimbia maili 58 za baharini gizani kati ya barafu. Alipofika, Titanic ilikuwa imekwisha kuzama na watu zaidi ya 1,500; waliookolewa katika mashua walikuwa 700 na zaidi.

Kulipopambazuka, Bernice akakitwaa kisanduku chake. Akapiga picha ya mlima wa barafu uliosemwa kuwa ndio ulioipasua meli. Akawapiga na baadhi ya waliookoka, wamesimama sitahani katika nguo za kuazimwa. Chakula hakikuwatosha watu wote, basi Carpathia ikarudi New York, ikafika tarehe 18. Huko wafanya biashara ya picha walimwendea, wakapata ruhusa ya kuzichapa kwa dola 10, pamoja na ahadi ya kuzisafisha na kumrudishia. Binti hakujua thamani ya alichokishika. Dunia nzima ilikuwa ikiililia habari hiyo, naye akapewa bei ya visanduku kumi.

Picha alirudishiwa, akazitunza yeye pamoja na kamera maisha yake yote. Mwaka 1986, umri wake ukiwa umepita miaka 90, alivitoa vyote bure kwa Makumbusho ya Smithsonian ya Marekani, akawasimulia na habari ya usiku ule.