Piga 115: simu moja, na kituo kinajiandaa

Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Muda huo mara nyingi huishia kwenye kuhangaikia gari, kisha nauli, na kituoni mnafika hakuna aliyewatarajia.

Nchini Tanzania kuna mfumo wa m-mama. Unapiga 115 bila malipo, saa 24. Mhudumu anakuuliza kuhusu dalili na kuingiza majibu yako kwenye mfumo. Ikiwa ni dharura, gari la wagonjwa linatumwa. Lisipopatikana, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nauli yake analipwa na mfumo kwa simu, haitoki mfukoni mwako. Kituo kitakachokupokea nacho kinapewa taarifa. Kwangu mimi muuguzi, hapo ndipo penye faida kubwa: wewe ukiwa bado njiani, sisi tunaandaa dripu na kuulizia damu.

Huduma hii ni ya wajawazito, waliojifungua hadi siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28. Usingoje ukiona damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto anashindwa kunyonya.

Ukipiga, taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana: shule, msikiti, kanisa, hata mbuyu. Usizime simu, dereva asije akapotea. Namba hiyo aijue pia mtu mwingine hapo nyumbani, maana siku ya dharura huenda wewe mwenyewe usiweze kuongea.