Ziwa Lifichalo Makao ya Kale



Tupitapo mitaa ya Kariakoo twaona dagaa wa Kigoma wamepangwa mafungu mafungu. Wametoka Ziwa Tanganyika, mwisho wa reli iliyofika huko mwaka 1914. Mnunuzi huuliza bei. Leo sisi twauliza jambo jingine: watu wa kale wa ziwa hilo walikaa wapi?

Sehemu ya jibu i chini ya maji, maana ufuko wa ziwa hausimami mahali pamoja. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876, aliona mlango wa mto umezibwa kwa matope na majani. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilibomoka, ziwa likashuka yapata futi 30, na maji yakaondoka mbali na Ujiji.

Hayo ni madogo. Miaka kama 20,000 iliyopita, mvua zilipopungua, ziwa lilishuka zaidi ya futi 600 chini ya kimo cha leo. Matope ndiyo kitabu chenye habari hiyo. Wataalamu huzamisha bomba refu, wakapandisha matabaka ya udongo. Wakikuta vijimea vya maji haba mahali ambapo leo pana kina kirefu, hujua kwamba ufuko ulikuwa karibu. Umri hupimwa kwa kaboni iliyomo katika mabaki ya viumbe.

Kisha kina hupimwa kwa mwangwi, ikachorwa ramani ya sakafu. Huonekana humo midomo ya mito ya kale. Palipo na mteremko mpole ndipo pa kutafuta, hasa matope yalipofunika upesi kabla ya mawimbi kuharibu.

Tumaini hili si la bure. Huko maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa yamedumu miaka yapata 476,000, kwa sababu udongo wake haukukauka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2023.

Basi, asemaye kwamba nchi zetu hazikuwa na historia kabla ya wageni amesoma nusu ya kitabu. Nusu ya pili haijafunuliwa. Naye ajengaye ufukoni ziwa lishukapo, na akumbuke kwamba maji hurudi kwao. Mwaka 2021 wakazi wengi wa kando ya Bujumbura waliyahama makazi yao kwa kufurika kwa ziwa hili hili. Kujua kimo cha kale, basi, ni elimu ya waliokufa na ya walio hai pia.