Kizuri Kinachojitembeza: Malori ya Vinywaji katika Barabara za Texas

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inamwona mwenye bidhaa njema ameketi barazani pake, wateja wakimfuata. Anayezunguka mitaani na mzigo wake anatiliwa shaka. Katika miaka ya 1930 makampuni ya vinywaji ya Amerika Kaskazini yaliipindua hekima hiyo. Yalikitwaa kilichokuwa chombo cha kubebea makreti, yakakichonga na kukipaka rangi, kisha yakakituma barabarani kujitembeza kwa fahari. Makala haya yanayatazama malori hayo kama matini, na yanauliza yalikuwa yakimwambia nani, na nini.

Mfano mashuhuri zaidi hautoki Texas bali Kanada. Sheria za jimbo la Ontario zilibana mno matangazo ya pombe, na kiwanda cha bia cha Labatt, mjini London, Ontario, kilitafuta upenyo. Katikati ya miaka ya 1930 kilimwendea Alexis de Sakhnoffsky, msanifu wa magari mzaliwa wa Kyiv, aliyebuni lori jekundu lenye maandishi ya dhahabu, ambalo kichwa na tela lake vilionekana kama mwili mmoja, mviringo mbele na mteremko nyuma. Mwaka 1939 lori hilo lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Gazeti lingeweza kuzuiwa na bango kuondolewa, lakini kiwanda hakingeweza kukatazwa kupeleka bia yake kwa wauzaji, wala kuandika jina lake juu ya mali yake. Sheria ilipoufunga mdomo, gurudumu likasema.

Umbo lenyewe lilikuwa hoja. Chombo huchongwa kwa kufuata mkondo wa upepo ili hewa isikizuie kinapokwenda kasi. Lori la bia, linalosimama kila baada ya hatua chache kushusha mzigo, halikuhitaji sana msaada huo. Uchongaji wake ulikuwa balagha: uliazima sifa ya ndege na treni mpya za zama zile. Wakazi wa Texas walizijua treni hizo kwa macho yao. Mnamo Oktoba 1936 treni ya Sam Houston Zephyr, yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu, ilianza safari kati ya Houston, Dallas na Fort Worth. Mwaka huohuo Dallas iliandaa Maonyesho ya Miaka 100 ya Texas katika viwanja vya Fair Park, yakahudhuriwa na watu zaidi ya milioni 6. Baada ya mdororo mkubwa wa uchumi, mstari laini uliopinda ulikuja kuwa alama ya kesho iliyo bora. Kampuni iliyoutia mstari huo katika lori lake ilikuwa ikiuza kesho hiyo pamoja na kinywaji.

Texas ilikuwa na vinywaji vyake vya kutangazwa. Marufuku ya pombe ilipofikia ukingoni mwaka 1933, tajiri Howard Hughes alianzisha Gulf Brewing Company huko Houston, katika ardhi ya kiwanda chake cha zana za kuchimbia mafuta. Bia yake iliitwa Grand Prize. Jina hilo lilikumbusha tuzo ambayo mpishi wa bia Frantz Brogniez, mzaliwa wa Ubelgiji, aliipata Ghent mwaka 1913 kwa bia nyingine ya Houston, Southern Select. Hata hivyo, mwisho wa marufuku ya kitaifa haukuwa mwisho wa marufuku ya mitaa. Texas iliwaachia wapiga kura wa kila kaunti, na hata wa sehemu ya mji, kuamua kama pombe iuzwe kwao. Mtaa wa Oak Cliff, ndani ya Dallas, ulipiga kura ya kuikataa mwaka 1956, na bia haikurudi madukani humo hadi baada ya kura ya 2010. Ramani ya bia, basi, ilikuwa nguo yenye viraka.

Soda haikujua viraka hivyo. Dr Pepper ilibuniwa mwaka 1885 na mfamasia Charles Alderton katika duka la dawa mjini Waco, na makao ya kampuni yalihamia Dallas mwaka 1923. Tarakimu zake maarufu, 10, 2 na 4, zilimhimiza mnywaji ajiburudishe mara tatu kwa siku, saa ambazo nguvu za mwili zilisemwa kushuka. Kwa saa zetu hizo ni saa nne, saa nane na saa kumi. Mswahili anayezisoma kwa mazoea ya kwao angeinywa soda hiyo katika saa nyingine kabisa. Malori ya soda nayo yalikuwa na balagha yake. Mengi yalikuwa wazi ubavuni, makreti yakipangwa kwa mshazari ili chupa zionekane. Lori la Sakhnoffsky liliuficha mzigo na kuonyesha umbo. Lori la soda liliufanya mzigo wenyewe kuwa tangazo.

Hapa ndipo swali la anayeambiwa linapokuwa zito. Tangazo linalotembea halimchagui mtazamaji. Lori la soda lilipita mbele ya kila kibaraza, cha Mzungu na cha Mmarekani Mweusi, likiahidi burudani ileile. Lakini lilipofika mwisho wa safari, mzigo wake ulishushwa kwenye kaunta ambazo ziliwachagua wateja wake kwa rangi ya ngozi. Machi 4, 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas Southern waliandamana hadi kwenye kaunta ya duka la Weingarten's, Barabara ya Almeda, Houston, wakaketi na kukataa kuondoka bila kuhudumiwa. Tendo lao linaweza kusomwa kama jibu kwa matangazo yote ya aina hiyo: mmetualika, tumekuja. Hata kesho ile ya Fair Park ilikuwa na mlango wake mwembamba. Ukumbi uliotengwa kuonyesha maisha na mafanikio ya Wamarekani Weusi ulibomolewa mara baada ya maonyesho ya 1936.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hatashangaa kuona gari likisema. Matatu na daladala zimebeba methali, majigambo na dua kwa miongo mingi, na serikali ya Kenya, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, ilizilazimisha matatu kuvaa mstari wa njano. Tofauti ni ya mwenye sauti. Maneno ya matatu huchaguliwa na mwenyewe au wafanyakazi wake, nayo hubishana na barabara, na abiria, na hata na polisi. Lori la kinywaji husema neno moja la makao makuu, na dereva wake hana la kuongeza. Karibu zaidi na lori hilo ni kibao cha duka kwetu, ambacho jina la mwenye duka huandikwa dogo chini ya jina kubwa la soda iliyolipia rangi.

Leo malori yaliyosalia hupendwa. Labatt walilikarabati moja la mwaka 1947, na watu huliendea kama wanavyoiendea sanamu. Uzuri wake ni wa kweli. Ila methali yetu haikuutilia shaka uzuri. Ilitilia shaka kutembea. Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Dallas na Houston, walioikuta miji hiyo ikiwa imejengwa kwa ajili ya magari, fundisho linafaa: tunapokisifu kinachopita, tukifuate hadi kinakoshusha mzigo, tuone nani anaketishwa pale na nani anaachwa amesimama.